Pale Pameandikwa Nini?

Miaka nenda miaka rudi nilikuwa nikimwambia mke wangu tuzunguke na gari wakati wa baridi, naye akinijibu kwamba yeye si Bedui. Nilipostaafu nililing'oa viti basi dogo nililokuwa nalo, nikalitia kitanda, jiko la gesi na pipa la maji. Watoto wakaliita karavani, yeye akaliita kibanda cha magurudumu. Mwaka ule nikamwambia mara moja tu, twende Riyadh kwa binti yetu, tulale njiani jangwani. Akasema, "Twende."

Hapo hapo nikajua kuna jambo.

Wiki chache kabla nilikuwa nimegonga nguzo ya geti, hapo mtaani kwetu Bani Malik, Jeddah. Ile nguzo imejengwa vibaya, na mpaka leo nasema hivyo. Lakini binti yetu alipopata habari akaanza wimbo wake: baba akapimwe macho, baba aache kuendesha. Mimi skuli sikukaa. Nilikuja Jeddah mtoto, nikaosha malori, nikaendesha malori ya maji, mwisho malori yakawa yangu. Kurani naisoma kwa kufuata kidole. Mengine yote, ikama ya ukaazi, karatasi za benki, meseji za watoto, msomaji ni mke wangu. Sasa mtu anikalishe kitini aninyooshee ubao wa herufi! Nikishindwa kusoma, watasema sioni, na usukani umekwenda. Nikasema siendi kupimwa, halas, imekwisha.

Usiku wa kufungasha nilimsikia jikoni akisema na binti kwenye simu, kwa sauti ya chini. "Usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe njiani."

Basi, nikasema moyoni, nimetegewa. Mke ametumwa kunichunguza, na tukifika Riyadh atatoa ripoti. Nikaamua nitaendesha mpaka washindwe pa kunishika.

Tuliondoka baada ya Alfajiri, tukashika njia ya Seil wanayopita malori. Mke wangu amekaa mbele na kikombe chake cha tangawizi. Hatujaenda mbali, akaanza.

"Pale pameandikwa nini?"

"Taif," nikajibu bila hata kutazama. Njia ile naijua kama mlango wangu.

"Na kile kibao cha buluu?"

"Petroli."

"Na hicho kinachokuja?"

"Wee bibi, umekuwa askari wa barabarani?"

"Nauliza tu, bwana. Kwani kuuliza kumekatazwa?"

Sasa, huyu ni mwanamke ambaye tangu nimuoe hajawahi kuniuliza maandishi. Husoma yeye, tena kwa sauti, mpaka matangazo ya matairi na kuku wa kuchoma. Leo kimya, ananisaili mimi. Nilijibu kila kibao kwa kumbukumbu, na kila nilipojibu aliitikia kwa kichwa kama mwalimu. Niliona raha kumshinda, lakini sikumwamini.

Tulipoipita Taif tulisimama jangwani tule. Upepo wa baridi unakata masikio. Akapika chai, akanipa. Nikaonja: chumvi tupu! Nikamtazama, naye amejifunga shali, anatazama mbali. Nikajiambia, ahaa, hata huu ni mtihani, wanataka kujua kama na ulimi umezeeka. Nikainywa yote, sikukunja uso.

Akanywa yake, akaitema. "Astaghafirullah! Umeinywa yote?"

"Chai nzuri."

"Mzee huyu ana wazimu," akasema, na hakucheka. Hilo nalo nikaliweka moyoni. Mke wangu hucheka.

Alasiri tukakuta barabara inatengenezwa. Mbele kumesimamishwa bango kubwa la rangi ya chungwa, jipya, ambalo kumbukumbu yangu haina habari nalo.

"Pale pameandikwa nini?"

Nikatazama kweli safari hii. Nikaona chungwa limemwagika, na ndani yake vidudu vyeusi. "Riyadh, moja kwa moja," nikasema, nikakanyaga mafuta.

Lami ikaisha. Tukaingia kwenye kokoto, masufuria yakaanguka nyuma, na mbele yetu katapila limeziba njia. Mfanyakazi wa barabara akaja mbio anapunga kitambaa. "Mafi tariki! Mafi! Njia hakuna! Ya haji, bango kubwa namna ile hukuliona?"

Nikamgeukia mke wangu kwa hasira. "Wewe msomaji! Umelitazama bango, umeniacha nipite, ili ukaseme nini kwa binti yako?"

"Nimelitazama," akasema. "Sikuliona."

"Hukuliona vipi?"

"Sioni, bwana. Tangu Ramadhani naona ukungu. Nina miadi na daktari wa macho Riyadh, binti ndiye aliyenitafutia. Nilikuwa nakuuliza vibao kwa sababu sivioni."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nyumbani kwetu neno macho halitamkiki. Kila likitajwa, unadhani ni yako."

Nikarudisha gari nyuma taratibu, yule mfanyakazi akinielekeza kwa kitambaa chake, maana hata kioo cha pembeni sikukiamini tena.

Riyadh, hospitalini, nesi akamkalisha mke wangu kitini. Nikasimama nyuma yake, maana watu wa hospitali siwaamini. Ubao ukawashwa. Hapana herufi za kusoma! Ni alama moja tu, kama uma wa meno matatu, huku umetazama juu, huku chini, huku kando. Mgonjwa anaonesha kwa mkono meno yalikoelekea, basi. Mtoto wa chekechea anaweza.

Nikawa naonesha na mimi, mkono chini pajani, nimkague nesi. Mistari ya juu tukaenda sawa. Kisha mke wangu akaendelea kushuka, "kulia, chini, kulia," na nesi anasema "sawa, mama, sawa," na mimi nimebaki na mkono hewani. Yeye mwenye ukungu alikuwa ananiacha. Nikadhani nesi anambeba. Nikasogea mbele hatua.

"Ami, rudi nyuma," nesi akasema. Kisha akauliza, "Nani kawaleta kutoka Jeddah?"

Mke wangu akajifunga shali vizuri. Angeweza kunitaja, hakunitaja.

"Mimi," nikasema. "Akishuka yeye, nipime na mimi."

Ufunguo wa gari nilimpa binti yangu jioni ile, kwa mkono wangu, hapana aliyeniomba. Hilo lijulikane. Kurudi Jeddah aliendesha mkwe wetu. Sisi wawili tulikaa nyuma kitandani, mke wangu na kitambaa juu ya jicho lililotengenezwa, mimi nasubiri zamu yangu ya kutengenezwa, namwambia mkwe anakanyaga breki kama anaua nge.

Lakini yule kijana alikuwa na likizo yake tayari, imeshakubaliwa kazini kwake kabla sisi hatujafika. Aliiomba lini, na nani alimwambia aiombe? Nimemuuliza yeye, nimemuuliza mkewe, nimemuuliza na wangu. Wote wanacheka.