Mshubiri wa Kyaruzi

Huko Izimbya hapakuwa na kibanja kilichotunzwa kama cha Kahangwa. Migomba yake ilitandaziwa nyasi hadi usione udongo, na kila shina lilipata samadi kabla ya mvua. Basi alipopata miche mitatu ya mshubiri, ule ambao wengi huuita alovera, aliitunza vivyo hivyo: nyasi, samadi, maji asubuhi na jioni. Miwili ikaoza kabla mwezi haujaisha. Wa tatu ulipoanza kulegea aliung'oa, akautupa ng'ambo ya ua, kwa jirani yake Kyaruzi, mahali alipoona panafaa takataka.

Jembe la Kyaruzi lilikaliwa mpini zaidi kuliko lilivyolima. Mche uliangukia kwenye mawe, haukuguswa na mtu, na mwaka uliofuata ulikuwa na majani manene na watoto wanane.

Kahangwa alijifanya haoni. Lakini kila aliponyoa ndevu shingo ilimwaka vipele, naye ndiye msomaji wa somo kanisani. Jumapili moja alijikuna mara tano kabla ya kumaliza.

"Baba Violeth," mkewe Renatha alimwambia njiani, "watu hawakusikia somo. Walikuwa wanahesabu. Nenda kwa Kyaruzi ukaombe jani."

"Afadhali niache kunyoa."

"Basi ukalale na beberu, mtakuwa mmefanana."

Jioni akaenda. Kyaruzi alikuwa amekaa mlangoni, akamwita kwa heshima ya Kihaya.

"Karibu, Ta Kahangwa. Umekuja kujifunza kilimo?"

"Nimekuja kuomba jani."

"Kata la chini, lililokomaa. Lisimamishe kwanza, yale maji ya manjano yachuruzike. Yanawasha."

Wakalisimamisha kwenye kikombe, wakangoja.

"Kinachowashinda wengi," Kyaruzi alisema, "ni kuacha kuubughudhi."

"Wewe uliupanda lini?"

"Sikuupanda. Ulikuja wenyewe. Nadhani ulikuwa unamkimbia mtu."

Kahangwa alilitoa jani kikombeni. Alimenya jani, akapaka ute shingoni, na moto ukashuka hapo hapo. Akafumba macho kwa raha. Alipoyafumbua, aliona gugu refu limewafunika watoto wa mshubiri. Mkono ukaenda wenyewe.

"Ta Kahangwa," Kyaruzi alisema bila kuinuka, "tafadhali usiniharibie shamba."

Kahangwa alilishika lile gugu kwa muda, kisha akaliachia. Jumapili ijayo angehitaji jani jingine.