Lesieli na Kazi ya Jumapili

Kwa miaka thelathini na moja Lesieli Vaikona alikuwa akiingia kanisani amechelewa na kutoka kabla ya baraka. Tulimzoea. Benchi la mwisho karibu na mlango lilikuwa lake. Wimbo wa kwanza ukiisha ndipo alipoingia, mkeka wa heshima tunaouvaa kiunoni umefungwa harakaharaka, viatu vimejaa nyasi za mlimani. Na saa sita ikikaribia, hata kama mhubiri bado hajawavusha Waisraeli bahari, Lesieli aliinuka akaenda zake.

Yeye ndiye aliyekuwa akisoma hali ya hewa ya kisiwa chetu. Kituo chake kilikuwa juu, nyuma ya shule: chumba kimoja chenye redio na barometa, chombo ambacho hushuka dhoruba ikikaribia, na nje kisanduku cheupe cha vipimajoto na chombo cha kupimia mvua. Kila baada ya saa tatu, kuanzia alfajiri hadi jioni, alisoma, akaandika, akapeleka kwa redio Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga. Visiwa vya kundi letu, Ha'apai, viliitwa kwa zamu na chetu kilikuwa cha mwisho, ndiyo maana akachelewa ibada.

Sasa, kwetu Jumapili mtu hafanyi kazi. Tanuri la shimoni huwashwa asubuhi, chakula kikafukiwa, watu wakaenda kumwomba Mungu, wakarudi wakala, wakalala. Hata nguo ikisahauliwa kwenye kamba ni habari ya wiki nzima. Kwa hiyo mwanamke anayepanda mlima na daftari siku ya Bwana hakukosa kusemwa.

Aliyemsema zaidi alikuwa Bibi Fusi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Malaika nao wanaandika," alikuwa akimwambia akimwona anapita. "Tutaona daftari la nani litasomwa mwisho."

"Wakiandika mvua wanisaidie," Lesieli hujibu, bila kusimama.

Wageni walidhani ni mtu wa mzaha tu. Sisi tuliokua naye tulijua alikotoka.

Akiwa na miaka ishirini na miwili alikuwa na mtoto, Sela, mwaka mmoja na nusu. Baba yake Sela alikuwa amepanda meli kwenda New Zealand kabla ya ndoa na hakuandika hata barua. Alfajiri ya Jumatatu moja ya mwezi wa tatu kimbunga kilitukuta vitandani. Bahari iliingia kijijini. Lesieli alikuwa amemfunga mtoto kifuani kwa shuka ya kitandani, akishikilia mnazi. Maji yalipompita kichwani mara ya pili, shuka ilikuwa tupu. Siku hiyo walikufa watoto saba. Wawili walikuwa wa Bibi Fusi.

Walipokuwa wakizika, mama yake Lesieli, mwanamke aliyefunga na kusali kuliko wote pale, alimwambia bintiye kwa sauti ya chini, "Mtoto yule ulimwiba. Mungu amekuja kuchukua chake."

Lesieli aliyaamini maneno hayo. Alikaa nayo miaka mitano, hakucheka, hakuolewa. Alikwenda kanisani mara mbili kwa siku na kukaa mbele kabisa. Kilichombadilisha hakikuwa mahubiri. Ilikuwa siku alipompelekea magimbi mzee Hakeai, aliyekuwa msomaji wa hali ya hewa kabla yake na ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Mzee alikula, akanawa, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

"Barometa ilishuka tangu Jumapili asubuhi, siku ile. Niliona Jumatatu kwenye karatasi ambayo kalamu ya chombo huichora yenyewe. Mstari ulikuwa unateremka kama ngazi."

"Jumapili uliona nini?"

"Jumapili sikufungua mlango. Ilikuwa Jumapili."

Lesieli aliniambia kwamba alikaa pale hadi jua likamhama mgongoni. Miaka mitano alikuwa akitafuta dhambi yake katika kila kona ya maisha, na kumbe mlimani kulikuwa na karatasi iliyokuwa ikisema, na mlango umefungwa. Hakumlaumu mzee. Alimshika mkono akamwomba amfundishe kusoma vyombo. Mzee alipostaafu akaichukua kazi ile kwa sharti moja: Jumapili atasoma.

Basi miaka ikaenda. Mtoto wa kaka yake, Setaleki, akakua, akaoa, akafika miaka arobaini na kuwa mhubiri wa kanisa letu. Alikuwa mhubiri mzuri, mwenye sauti ya kufika ufukweni. Tatizo lake lilikuwa moja: kwetu shangazi ndiye mkuu. Msibani hukaa juu ya wote, karamuni hupewa kipande cha kwanza, na mtoto wa kaka yake hambishii. Mimbarini Setaleki alikuwa juu ya Lesieli. Nyumbani alikaa chini sakafuni mbele yake.

Jumapili moja ya mwezi wa pili alihubiri juu ya wanaoinajisi siku ya Bwana. Akasema vimbunga na njaa ni fimbo ya Mungu, na kwamba baba hamchapi mwana bila sababu. Mchana akamletea shangazi yake sinia: viazi vikuu, na nyama iliyofungwa kwa majani ya magimbi na tui. Akakaa mkekani.

"Shangazi, sikukutaja."

"Hukunitaja. Shingo za watu wote ndizo zilizonitaja."

"Nilihubiri Maandiko tu."

"Nimesikia. Nyama imeiva vizuri, mwambie mkeo. Wewe ulikuwa na umri gani kimbunga kilipomchukua Sela?"

"Miaka minne."

"Ulikuwa umetenda nini wewe hata ukaachwa?"

Setaleki alitazama mkeka. Kisha akaaga, akaenda kwake.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, redio ilitangaza kimbunga kiko kaskazini, kitapita mbali upande wa magharibi. Watu wakashukuru. Jumapili saa tatu asubuhi Lesieli aliifungua barua yake ya hewa, kama alivyoiita barometa, akaona imeteremka kuliko alivyowahi kuiona. Akagonga kioo kwa ukucha. Ikateremka tena. Redioni kijana wa Nuku'alofa akamwambia kimbunga kimegeuka usiku. "Mna saa saba, mama. Nane, mkibahatika."

Alishuka mlima mbio, na miaka yake hamsini na minane. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake. Tulisikia mlango, hakuna aliyegeuka, maana tulijua ni yeye. Kisha tukasikia nyayo hazikwenda kwenye benchi. Zilikuja katikati, zikapita mstari wa wazee, zikafika chini ya mimbari. Setaleki akanyamaza katikati ya neno.

"Kimbunga kinatujia," Lesieli alisema. "Kitafika jioni. Watu wote wapande shuleni. Madirisha yapigiliwe mbao, mitumbwi ivutwe juu, maji yachotwe sasa hivi."

 Nje anga lilikuwa jeupe tu, na kuku walikuwa wakiparua.

"Leo amefika hadi mbele," Bibi Fusi alisema kutoka kwenye benchi lake. "Wiki ijayo atatuwekea barometa kwenye meza ya Bwana."

Wengine wakacheka. Mzee mmoja akasema redio ya jana imesema kinapita mbali. Mwingine akasema tusali kwanza, nyundo ni kesho.

"Shangazi," Setaleki alisema polepole, "leo ni Jumapili."

"Naijua siku. Ndiyo siku iliyomuua mwanangu, kwa sababu kuna mtu aliiheshimu mno." Hakupaza sauti. "Setaleki, sikuambii kama mtu wa hali ya hewa. Mimi ni dada wa baba yako. Shuka ukachukue nyundo."

Nimeona mengi kisiwani humu, lakini sijaona mtu aliyesimama pabaya kama Setaleki dakika ile, Mungu wake mkono huu na shangazi yake mkono ule. Alifunga kitabu. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. "Ibada imeishia hapa," alisema. "Wanaume, nani ana misumari?"

Tulifanya kazi Jumapili nzima. Nyundo zilisikika kijiji kizima, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia siku ya Bwana, na mwanzoni kila mtu alipiga polepole kama mwizi. Ilipofika mchana upepo ukaanza, hakuna aliyepiga polepole tena. Bibi Fusi alikataa kuondoka. Setaleki alimbeba mgongoni mlima mzima, naye akimkariria zaburi za laana sikioni.

Kimbunga kilipiga jioni na kutuacha asubuhi. Tulikuwa watu mia moja na arobaini katika madarasa matatu, na asubuhi tukahesabiwa mia moja na arobaini. Chini, kijiji hakikuwepo. Bahari ilikuwa imelala mahali penye nyumba zetu. Kanisa lilibaki kuta nne, mabati yake yako minazini.

Mtu angedhani baada ya hapo Lesieli angebebwa mabegani. Siku ya kwanza ilikuwa hivyo. Ya tatu, watu wakiwa wamechoka na kunywa maji ya tope, maneno yakaanza. Mbona kanisa limeezuliwa na choo cha shule kimebaki? Si ni kwa sababu ya nyundo za Jumapili? Na nyundo hizo zilianza na nani, kama si na mtu aliyevunja Sabato miaka thelathini na moja? Bibi Fusi ndiye aliyesema waziwazi, pale kwenye foleni ya maji. Lesieli alikuwa nyuma yake na ndoo. Aliisogeza mbele hatua moja.

Setaleki alikwenda kumwona kituoni. Nilikuwepo, nikimsaidia kuanika madaftari yaliyolowa.

"Jumapili nitahubiri nini, shangazi? Nikisema ni adhabu, wewe ndiye mwenye kosa, na mimi ndiye niliyeshika nyundo. Nikisema si adhabu, wataniuliza basi ni nini. Sina jibu."

"Waambie huna."

"Mhubiri anasimama mbele za watu kusema hajui?"

"Kwani unajua?"

Alikaa chini kati ya madaftari. Baadaye akasema, "Unamchukia Bibi Fusi?"

Lesieli alikunjua ukurasa ulioganda. "Hapana. Nilikuwa yeye. Ukiamini umeadhibiwa, angalau una la kufanya. Unatubu, unafunga, unakaa mbele kanisani. Ukiamini mtoto amekufa bila kosa la mtu, usiku unafanya nini na mikono yako? Yeye ana watoto wawili kule chini. Akikubali kwamba hawakufa kwa sababu, atakuwa amewazika mara ya pili." Akakunjua ukurasa mwingine. "Mimi nilipata kazi ya mikono. Yeye hakupata."

Jumapili tukasali kwenye uwanja wa shule, tumekaa chini. Mahubiri ya Setaleki yalikuwa mafupi kuliko yote aliyowahi kutoa. Alisema wiki tatu kabla alituambia kimbunga ni fimbo ya Baba. Akasema amewatazama watoto waliolala darasani usiku ule, akajaribu kumtafuta anayestahili kuchapwa, hakumwona. "Sijui Mungu anakitumia kimbunga kufanya nini," alisema. "Ninachojua ni kwamba tulionywa, na aliyeonywa akamwonya mwenzake, na watu wote wako hapa. Mimi hapo namwona Mungu. Upande ule mwingine sioni kitu." Kisha akaomba msamaha kwa shangazi yake mbele za watu wote, kwa jina lake lote.

Wazee wawili walinuna. Mmoja hajarudi kanisani kwetu mpaka leo. Anasali kijiji cha pili, na anasema Setaleki ameharibiwa na wanawake wa ukoo wake.

Bibi Fusi hakununa. Siku chache baadaye alipanda kituoni peke yake, akipumzika kila hatua kumi. Alitukuta mimi na Lesieli mbele ya ramani ya bahari iliyo ukutani.

"Hicho kimbunga," alisema bila salamu, "kilizaliwa wapi?"

Lesieli akamwonyesha kwa kidole, mbali kaskazini, kwenye maji matupu. "Hapa, bahari ilipokuwa na joto sana. Kikakua kikishuka hivi, hivi, kikageuka hapa."

"Siku gani kilizaliwa?"

"Jumanne."

Bibi Fusi alipitisha kidole chake kwenye njia ile. "Jumanne tulikuwa tunasuka mikeka."

"Ndiyo."

"Mimi na wewe na mke wa Setaleki. Hatukuwa tumefanya lolote."

"Ulimsengenya mke wa katibu wa kijiji."

"Huyo anastahili," Bibi Fusi alisema, na kwa mara ya kwanza nikawasikia wale wanawake wawili wakicheka pamoja. Kisha kicheko cha Bibi Fusi kikageuka. Akasema majina ya wanawe, Uatahausi na Kava, ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake, akauliza kile kimbunga cha zamani kilizaliwa siku gani. Lesieli akasema atatafuta. Alipata katika madaftari ya mzee Hakeai, alikonakili taarifa za Nuku'alofa baada ya kimbunga: Jumatano, kabla ya mtu yeyote kugombana na yeyote. Akamwandikia kwenye karatasi. Bibi Fusi hajui kusoma vizuri, lakini karatasi ile anayo.

Meli ilileta mbao na mbegu. Nyumba mpya zimejengwa juu, karibu na shule, na kanisa nalo linajengwa huko huko, ingawa walibishana miezi miwili juu ya mlango utazame wapi. Viazi vitamu vilivyopandwa kwanza vilikuwa vya Bibi Fusi, kwenye udongo ambao kila mtu alisema chumvi imeuua. Vilipotoka, vidogo, vyenye mikunjo kama vidole vya kizee, alivifukia kwenye tanuri Jumamosi akatuita. Lesieli alipewa cha kwanza. Alikipuliza, akakimega, akasema kina chumvi.

"Kula," Bibi Fusi akamwambia. "Cha pili ni kitamu."