Siku niliyompokonya binti yangu msondo katikati ya harusi

Assalamu alaykum wakuu.

Mimi ni bibi wa Kipemba, na makazi yangu hayapo mbali na Konde. Skuli sikuingia hata siku moja. Haya nayasema kwa mdomo, na mjukuu wangu anayaandika kwenye simu yake. Nimemwamrisha asitie chumvi, na akimaliza atanisomea yote kabla ya kuyatuma.

Nitakayoyaeleza yalitokea mchana, mbele ya wanawake wa pande mbili za harusi. Nikisema uongo, wapo watakaonisuta humu humu jukwaani.

Kazi yangu ni ngoma. Nimeipiga tangu sijaolewa, nikaipiga nikiwa mke wa mtu, na sasa naipiga nikiwa mjane. Kikundi chetu ni cha wanawake watupu, na hualikwa kwenye harusi.

Kwa wasiojua, ngoma zetu ni tatu. Kuna chapuo, ngoma ndogo inayokwenda mbio. Kuna vumi, ngoma nene yenye sauti ya chini, ambayo ndiyo inayowabeba wenzake. Na kuna msondo, ngoma ndefu ya kiongozi. Mwenye msondo ndiye anayefungua, ndiye anayefunga, na hakuna aliye chini yake anayeruhusiwa kunyamaza kabla yake. Sheria hiyo niliikuta na nimeilinda.

Mwanafunzi wangu haigusi ngoma siku ya kwanza. Hukaa kitako juu ya mkeka akapiga mapaja yake mwenyewe, mpaka mikono yote miwili ilingane nguvu. Kisha nampa ndoo iliyofudikizwa, kitako juu. Akilalamika kwamba ndoo haina utamu, hubaki kwenye ndoo.

Msimu wa karafuu hatufanyi mazoezi, kwa sababu vidole vilivyoshinda vikichambua karafuu huvimba na havisikii ngozi. Na kabla ya kupiga, ngozi huoteshwa moto wa makumbi ya nazi. Mwenye pupa ya kuisogeza karibu na moto huipasua. Huyo namrudisha kwao.

Sasa nieleze jambo ambalo kisa chote kimesimama juu yake.

Katika ngoma yetu, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi hujibizana kwa nyimbo za papo kwa papo. Mmoja hurusha kijembe, wa pili hujibu. Baina ya kijembe na jibu, mwenye msondo hushusha sauti akaacha uwazi, ili anayejibu apange maneno yake na asikike.

Uwazi huo ni haki ya kila upande. Kikundi kisichoutoa sawasawa huambiwa kimeegemea upande, na hakuna atakayekialika tena.

Siku hizi harusi nyingi zina spika kubwa. Sizichukii. Ila spika haiwezi kumngojea mtu afikiri, na ndiyo maana sisi bado tunaitwa.

Turudi kwenye kisa.

Mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi. Ilibidi msondo upate mtu mwengine, na waliouweza walikuwa wawili. Wa kwanza ni binti yangu, Time. Mikono yake ni myepesi, na watu humpenda akikaa tu mbele ya ngoma. Wa pili ni Chausiku, mpigaji wa vumi. Babu na bibi yake walikuja kutoka bara zamani, yeye amezaliwa hapa hapa, na hupiga kama mtu aliyekaa kimya.

Kila mtu alijua msondo ni wa Time. Mimi pia nilijua hivyo.

Ikaja harusi moja hapa Konde. Bibi harusi alikuwa ametoka kisiwa cha Makoongwe. Watu wake walivuka kwa boti mpaka Mkoani, kisha wakapanda gari kutoka kusini mpaka huku kaskazini, kwa hiyo walikuwa wachache na wamechoka. Upande wa bwana harusi walikuwa ni jamaa za mume wa Time.

Hilo nililijua, na bado nilimpa Time msondo. Nilikuwa nimemfunza kwamba mpigaji hana shemeji pindi anapokaa nyuma ya ngoma.

Baada ya adhuhuri wanawake walijaa uwanjani, ndani ya uzio wa turubai. Mimi nilikaa pembeni na upatu wa shaba, nikiugonga kwa mkono wa kushoto. Wanawake wa Konde wakaanza:

*Wageni wa Makoongwe, karibuni uwanjani,*
*mikono mitupu hiyo, mmetuletea nini?*

Watu walicheka. Ni kijembe cha kawaida. Bi Raya, shangazi wa bibi harusi, mwanamke wa makamo mwembamba, akasimama kujibu.

Time hakushusha.

Aliongeza. Bi Raya alifungua kinywa, sauti ikamezwa, akakifunga. Konde wakarudia kijembe chao mara ya pili, na msondo ukawafuata wao. Bi Raya akajaribu tena, ikawa vile vile.

"Kapoteza ulimi njiani!" mmoja akapiga kelele.

"Mpeni maji ya ndimu huyo, bahari ingali inamzungusha!"

Nilimkazia macho Time. Hakunitazama. Alikuwa akiwatazama mawifi zake, na mawifi zake walikuwa wakimpigia vigelegele.

Bi Raya aligeuka kwa watu wake. Niliyasikia maneno yake kwa sababu nilikuwa karibu.

"Chukueni mabuibui. Tumekuja kuoza, hatukuja kuzomewa."

Mama wa bibi harusi alikuwa ameshasimama. Ndoa ilikwishafungwa asubuhi msikitini, lakini mwali alikuwa bado hajakabidhiwa. Kama watu wale wangetoka uwanjani kwa hasira, msichana yule angeingia nyumba ya mume akiwa na chuki ya koo mbili juu ya kichwa chake. Na sisi ndio tungekuwa tumeitia.

Hapo vumi likanyamaza.

Chausiku aliweka viganja viwili juu ya ngozi akaviacha hapo. Chapuo ikapotea njia, ikasita. Msondo ulipiga peke yake kidogo, ukasikika mwembamba na wa ovyo, nao ukakoma. Uwanja mzima ukawa kimya.

Bi Raya hakuhitaji kualikwa.

*Mliokuja kuposa, mlipiga goti chini,*
*mwali mkimkataa, boti yetu ipo pwani!*

Wakuu, turubai lilitikisika kwa vicheko. Mama wa bwana harusi mwenyewe alikaa chini akijishika mbavu.

"Tumekoma, bibi!" akasema. "Jamani, nendeni mkaitoboe hiyo boti!"

Mabuibui yakatundikwa tena.

Time alisimama nyuma ya msondo. Uso wake haukuwa na kicheko.

"Nani kakwambia unyamaze?" akamuuliza Chausiku.

"Hakuna."

"Mtu wa bara nae leo anatufunza ngoma yetu!"

"Mie bara sijafika hata ndotoni," Chausiku akajibu. "Bibi wa watu alikuwa hajajibu."

Wote wakanigeukia mimi. Nilisimama.

"Time, nipe msondo."

"Mama! Mbele ya wakwe zangu?"

"Na wale ulipowanyima haki yao, ilikuwa mbele ya nani?"

Alifungua mkanda wa msondo kiunoni, akanipa bila kunitazama. Nikampa Chausiku, na vumi nikampa mwanamke mwengine. Time alichukua kanga yake akatoka. Harusi iliendelea mpaka karibu na alasiri, na mwali akakabidhiwa kwa salama.

Msidhani nilimsifu Chausiku. Tulipokuwa tukifunga ngoma nilimwambia: "Ukinyamaza tena kabla ya msondo, nakutoa kikundini."

"Naam, Bi. Na yule bibi angeondoka?"

"Nimekwambia nakutoa."

"Naam, Bi."

Msondo ukabaki kwake.

Jamaa walinijia kwa zamu. Dada yangu aliniuliza: "Mama gani humvua mwanawe nguo hadharani?" Nilimjibu kwamba sikumvua nguo, nilimvua ngoma, na ngoma haikuwa yake. Hakuridhika, na sikumngojea aridhike.

Time aliendelea kuniletea chakula kila Ijumaa. Aliniamkia kwa adabu, aliuliza hali ya mkono, akaondoka. Neno la ngoma halikupita baina yetu. Mlango wa chumba zinapokaa ngoma aliupita kama ukuta.

(Anayeandika haya ni mtoto wa Time. Hapa ameacha kubonyeza. Nimemwambia aendelee.)

Juzi juzi binti mkubwa wa Time ameposwa. Ijumaa moja Time hakuondoka baada ya kuweka bakuli. Alikaa kwenye mkeka.

"Mama, harusi ya mwanangu mtapiga?"

"Tutapiga."

"Msondo nani?"

"Chausiku."

Alilifunika bakuli. Nilidhani atanyanyuka. Akasema:

"Basi mie nipe vumi."

"Vumi haliombwi kwa bakuli la mchuzi. Njoo Jumatano baada ya alasiri, tukusikie."

"Mama, nimepiga ngoma miaka yote hiyo, leo nije nisikilizwe kama mwanafunzi?"

"Njoo au usije."

Alikuja. Aliingia akatoa salamu, Chausiku akamsogezea mkeka. Nikawasimamisha wanawake wawili wajibizane, na nikawaambia wasioneane haya. Yule wa pili nilimnong'oneza achelewe kujibu, tena achelewe sana.

Kijembe kikatoka. Chausiku akashusha msondo. Time akashusha pamoja nae, akalifanya vumi liwe dogo kama mtu anayepumua, na macho yake akayaweka kwa yule wa kujibu. Mwanamke akajikuna. Akatazama juu. Akarekebisha ushungi. Time alingoja, na mkono wake haukukimbia.

Jibu lilipokuja lilisikika neno kwa neno.

Nilimwambia arudi Jumatano ijayo.

Nililojifunza, wakuu, ni kwamba wepesi wa mkono huonekana mapema sana kwa mwanafunzi, lakini kama anaweza kumpa nafasi mtu asiyempenda, hilo hulijui mpaka siku ya kazi yenyewe. Na ukishalijua, mtoto wako na mtoto wa mwenzio wapime kwa kipimo kimoja, hata kama jioni utakula peke yako.

Wapo humu wenye kufunza kazi watoto wao wenyewe, iwe ngoma, ushonaji au useremala. Semeni, ningesubiri tufike nyumbani ndipo nimpokonye? Dada yangu anasema ndiyo, mimi nasema hapana, na nyinyi semeni.

Komenti zote nitasomewa. Zenye matusi, mjukuu wangu ameambiwa asiziruke.