Kulia Mutoto Mwenye Angali Anapumua

Bale bote balikuwa mu tribinali ile siku, majina yabo iko mu kichwa yangu, ya baba na ya mama. Hapa siite hata moja. Bengine balisha kufa, bengine tungali tunasalimiana ku misa.

Ilikuwa myaka yenye inchi ilikuwa inavunjika. Basoda balipora magazini, yale maduka ya mu centre, kampuni ya shaba ilikuwa hailipe tena bantu. Mutoto yangu mwanamuke alikuwa mwalimu mu shule ya ile kampuni. Akaacha shule, akaanza kuenda Kasomeno kununua samaki ya kukauka. Asubui moja, karibu na kilalo, ile daraja ya muto Naviundu, kamio moja, lori ya mizigo, ikamugonga pa kiuno.

Munganga wa hospitali aliniambia: "Mama, hapa hatuna hata plata ya kufungia mufupa. Ile mufupa inaomba kupasula. Umupeleke Zambia, ku Kitwe. Bila ile, hatasimama tena."

Njo tukashitaki mwenye kamio, tupate feza ya safari. Avoka yetu, mwanasheria wa kututetea, akasema: "Tutaomba mara mbili, mama. Feza ya mufupa, na domaje morale."

"Ile njo nini?"

"Feza ya maumivu ya roho. Ile ya mufupa peke yake haitakufikisha Kitwe. Ya roho njo iko mingi."

Nikacheka. "Basi niko tajiri."

Kwa kuonyesha maumivu yangu, avoka akaita jirani yangu, mwenye tulikuwa tunagawana naye ukuta moja. Alikuya amejifunga kikwembe yake ya misa. Juji akamuuliza: "Tangu ile aksida ya kamio, ulishaka kusikia huyu mama analia?"

"Eh, papa juji! Huyu? Hata siku moja! Ni mama ya nguvu, huyu. Shiye bengine tungelalamika mupaka bantu ba mbali kule Kinsevere basikie. Yeye anafunga kinywa, anapika bukari, anamuosha mutoto."

Akaniangalia na furaha. Alikuwa ananisifu. Na kwetu ile ni sifa kweli: mama haliliaka mutoto mwenye angali anapumua. Kilio ni ya maiti. Ukimulilia muzima, unamufungulia kaburi. Kila wakati machozi ilikuwa inakuya, nilikuwa nauma kikwembe mu meno mupaka irudi ndani. Ile kazi ilikuwa nguvu kupita kumubeba ku musalani.

Juji akanigeukia. "Mama, roho ilikuuma?"

"Sana, papa."

"Sasa juu ya nini hukulia?"

"Mutoto angali muzima, papa."

Bantu bakacheka. Avoka ya mwenye kamio hata hakusimama muzuri. Akasema: "Mwenyewe amesema. Muzima." Akakaa.

Bakatukatia feza ya mufupa, kidogo. Ya roho, hakuna. Na vile ile kidogo ilifika mu mikono yetu, feza ya inchi ilishaka kuanguka. Tulinunulia mufuko moja ya bunga, basi.

Mutoto alikuwa analala pa mukeka, ananingojea. Nikamuelezea yote.

"Mama, si ungelia kidogo? Pale mbele ya juji tu?"

"Nilikuwa nakuchunga, mutoto yangu."

Akageukia ukuta. Kitwe, hatukuitaja tena mu ile nyumba.

Alilala vile mupaka mvua ya mwaka wa pili. Kidonda ya mugongo, ya kulala tu, njo ilimumaliza. Bamama balijaa mu nyumba, bakanishika mabega: "Lia sasa, dada. Sasa iko ruhusa."

Nikafungua kinywa. Hakuna kitu kilitoka. Nilikamua macho namna ya kukamua nguo, kavu. Nilishaka kuzoea kurudisha machozi, na yenyewe ilishaka kuzoea kurudi.

Jirani yangu njo alijitupa chini, na ile kikwembe ya misa, mu matope. Akalia mupaka avenue yote ikatoka inje. Akalia ile kilio juji alikuwa anatafuta. Mi nilikaa pembeni ya maiti, namuangalia ule jirani.