Programu ya Kumsikia Mama

Mwaka niliostaafu, mke wangu alikwenda Uingereza kumsaidia binti yetu aliyekuwa amejifungua. Alisema miezi mitatu. Ulipofika wa nane niliacha kuuliza. Nilibaki peke yangu kwenye nyumba yetu ya Kileleshwa, orofa ya nne, na kuna siku sikuzungumza na mtu ila askari wa geti, aliyenijibu "poa, mzee" bila kuinua kichwa.

Kwa kukosa kazi nikaanza kupanga droo. Katika ya chini nilikuta simu yangu ya zamani, ya vibonye, betri imevimba. Ndani yake kadi ya memori ilikuwa bado imekaa, ndogo kama ukucha. Nilijua kilichomo. Nilikuwa nimemrekodi Mama nyumbani kwetu Kitui mwaka mmoja kabla hajafariki, na tangu tumzike sikuwahi kuisikiliza ile rekodi.

Simu yangu ya sasa haina mahali pa kuingiza kadi. Laptopu yetu kuukuu inapo, lakini ilikuwa nzito kiasi kwamba ungeiwasha, upike chai, uinywe, na bado inajivuta. Nikaibeba hadi kwa fundi, mama wa makamo mwenye duka ghorofani karibu na Adams Arcade.

"Mashine bado iko sawa, mzee," alisema. "Ni huu mfumo umeilemea. Wacha nikuwekee mfumo mwingine, Linux ndogo, ile ya kompyuta za kitambo."

"Itatoa sauti?"

"Hii inakuja bila vitu mingi, ndio iwe nyepesi. Kitu ikikosekana unaongeza mwenyewe." Akanionyesha orodha ndefu ya programu za ziada, ambazo aliziita vifurushi. "Unachagua, unabonyeza, inashuka kwa intaneti."

Nyumbani niliingiza kadi. Faili lilikuwepo, lakini kompyuta haikujua kulifungua. Nikatafuta kwenye orodha programu ya kucheza sauti, nikabonyeza. Ikaniambia inahitaji kifurushi kingine kwanza. Nikakileta hicho, nacho kikadai chake. Nilitumia karibu mchana wote nikifuata kimoja baada ya kingine, mvua ikinyesha, na sitadanganya, nilifurahi kuwa na kitu kinachonihitaji.

Halafu Mama akaongea, kwa Kikamba, karibu nami kabisa.

"Hicho kidude kimewaka? Kizime, utamaliza moto wake."

Nikacheka peke yangu sebuleni. Akaeleza habari za mbuzi mwenye mguu mbaya, akaanza kusema juu ya paa la jikoni, kisha akauliza, "Sasa utarudi lini?"

Ndipo nikajisikia mimi mwenyewe. "Mwezi ujao, Mama, mwezi ujao. Nimechelewa, wacha niende." Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayemjibu karani dirishani. Alikuwa bado anasema kitu nilipozima kurekodi.

Mwezi uliofuata sikwenda. Nilikwenda baada ya mitano.

Nikafunga kila kitu haraka. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuhifadhi kazi yangu kabla ya kuzima. Nikabonyeza hapana.

Asubuhi nilitaka kumsikia tena. Programu haikuwepo, wala vifurushi vyake, kana kwamba sikuwahi kufanya lolote. Nikampigia fundi.

"Mzee, huo mfumo unakaa kwa memori ya muda tu," alisema. "Ukizima bila kuhifadhi, unasahau yote. Rudia, halafu ikikuuliza, sema ndiyo."

Nikarudia. Safari hii nilizijua hatua, nikamaliza kabla chai haijapoa. Nikahifadhi kwanza. Kisha nikakaa na simu mkononi muda mrefu, kwa sababu mtu wa pekee ambaye angetaka kusikia alikuwa dada yangu, na hatukuwa tumeongea tangu tulipokosana juu ya shamba la Mama. Yeye ndiye aliyebaki Kitui akimtunza.

Mwishowe nikampigia. Aliniita kwa jina langu la utotoni, kwa uangalifu, kama anayeuliza nani amekufa.

"Hakuna msiba," nikamwambia. "Nina sauti ya Mama hapa. Sikiliza."

Nikaiweka simu kwenye spika ya laptopu. Rekodi ilipofika pale pangu nilitamani kuizima, nikaiacha iishe.

"Umesikia?" nikauliza.

"Nimesikia. Unanisikia na mimi?"

"Wewe? Wapi?"

"Nyuma ya Mama. Hizo sufuria. Ni mimi nilikuwa naosha vyombo."

Nikairudisha mwanzo. Kweli zilikuwepo tangu neno la kwanza, sufuria zikigongana na maji yakimwagwa. Nilikuwa nimesikiliza mara mbili bila kuzisikia.

"Cheza tena," dada akasema. Nikacheza. Alikuwa akilia taratibu, nami sikuharakisha kukata simu.