Shahidi wa Tatu wa Neno Kuhemea

Siku ile neno kuhemea lilipoletwa liondolewe, asubuhi yote tulikuwa tumeimalizia kwenye chapati. Sitanii. Watu wazima saba, wengine na shahada za uzamivu, tumejifungia kwenye ukumbi mdogo wa ofisi yetu ya kamusi hapa Dodoma, chapati zenyewe ziko mbele yetu kwenye sahani, na tunabishana chapati ni nini. Rasimu ilisema ni mkate mwembamba wa duara uliokaangwa kwa mafuta. Mmoja akauliza, na isiyokuwa ya duara je, tuiite nini? Mwingine akasema mke wake huweka mafuta ya kufuta tu, kwa hiyo hilo la kukaangwa yeye halitambui. Wa tatu akainyanyua yake juu ili tuione vizuri, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye mkono wa shati. Saa mbili na nusu nzima, jamani. Niliangalia saa mpaka shingo ikaniuma.

Tulipotoka kula mchana, mwenyekiti akasema sasa twende mbio, kuna orodha ya maneno ya kupunguza.

Kamusi yenyewe ilikuwa ya shule, toleo jipya, na kurasa zake zilishapangwa haziongezeki. Likiingia neno jipya, la zamani lifungashe virago. Kila neno lina kadi yake: juu neno, kisha maana, kisha mfano, na chini kabisa mashahidi, yaani mahali neno hilo lilipoandikwa. Kanuni yetu ilitaka mashahidi watatu, na mmoja wao awe maandishi rasmi. Kusikia hakuhesabiki. Hata wilaya nzima ilitamke neno kutwa kucha, kama hakuna aliyeliandika, kwetu sisi ni uvumi tu.

Mwenyekiti alikuwa mzee mstaarabu, mpole, na upole wake ndio ulionitia wazimu. Alikuwa anasoma neno, anainua macho juu ya miwani, anauliza, "Kuna pingamizi?" Kimya. Anapiga mstari. Kati ya maneno mapya, kishikwambi kilikuwa kimeshaingia siku nyingi, ingawa yeye mwenyewe akikipoteza chake huuliza tableti yangu iko wapi. Akafika kwenye H.

"Hemea. Mashahidi wawili, wa zamani, hakuna rasmi. Kuna pingamizi?"

"Lipo!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Kwa asiyekulia kwetu: kuhemea ni kwenda mbali kutafuta chakula mwaka wa njaa. Unafunga safari kwenda walikopata mavuno, una mbuzi wa kubadilisha na nafaka, au huna kitu ila mikono yako, unawalimia watu nao wanakupa mahindi, unarudi nayo kichwani. Mama yangu alihemea. Nilikuwa na miaka kumi, mkubwa wa watoto wanne, akaniachia nyumba akaelekea Kondoa na wanawake wengine. Siku kumi na mbili. Tulikula mlenda mtupu, bila ugali na bila chumvi, na nisameheni wasomaji wangu, mlenda bila ugali ni kama kumeza makamasi. Aliporudi miguu yake ilikuwa imevimba, vidole havionekani. Sasa mtu aniambie neno hilo halina matumizi!

"Dada," mwenyekiti akaniambia, "hatulichukii neno lako. Tatizo ni ushahidi. Ulete hata muhtasari wa mkutano wa kijiji, mradi una tarehe na mhuri, tutalipokea. Tukutane Ijumaa ya wiki ijayo."

Muhtasari wa mkutano wa kijiji! Nilitaka kucheka. Baba yangu alikuwa katibu wa kijiji chetu, upande wa Hombolo, kwa miaka mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Baadaye wakakibadilisha cheo wakakiita mtendaji, yeye akabaki palepale na kalamu yake ileile. Nakala za mihtasari yote anazo nyumbani kwenye sanduku la bati. Nikampigia simu mama jioni ileile.

"Maandishi?" mama akasema. "Unahangaika nini, si yamo humu ndani! Mwaka ule niliporudi kuhemea si nilisimama mkutanoni? Nilisema mpaka nikatetemeka. Na baba yako alikuwa mezani anaandika, nilimwona kwa macho yangu haya. Alijaza ukurasa."

"Una hakika mama?"

"We mtoto! Nimeandikwa mimi. Katika maisha yangu nimeandikwa mara moja, nisahau?"

Mama aliishia kisomo cha watu wazima, kwenye kuandika jina lake. Hilo la kuandikwa mkutanoni alikuwa anatusimulia tangu tuko wadogo, na akitaka kutunyamazisha, au baba akileta ubishi, husema, mimi huyu nimo kwenye faili la serikali. Sisi tulikuwa tunacheka, ila yeye hakuwa anatania.

Jumamosi nikaenda. Baba alikuwa amevaa koti, kana kwamba anasubiri mgeni kutoka wilayani. Miaka yote hakuna mtoto aliyewahi kumwomba karatasi zake, na sasa binti yake wa kamusi anazitaka! Alilikokota sanduku mwenyewe mpaka barazani, akakataa nisimsaidie. Kutu ilikuwa imeshakula pembe moja. Madaftari aliyafunga kwa vipande vya mpira wa tairi, mwaka na mwaka wake, na mwandiko wake, acheni nimpe haki yake, unaweza kuuchapa kitabuni vile ulivyo. Mama akaja na ungo wake wa karanga, akakaa kwenye mkeka karibu yangu, anabangua.

Nikaanza kusoma. Mwaka ule wa njaa ulikuwa na daftari lake zima. Kikao cha kwanza: hali ya chakula si ya kuridhisha sana. Cha pili: kuna upungufu wa chakula wa muda. Cha tatu, wananchi wanashauriwa kuzingatia kilimo cha mtama. Nikafunua, nikafunua tena. Hakuna njaa humo. Neno lenyewe njaa, herufi nne, halipo!

"Umefika pangu?" mama akauliza.

Nilikuwa nimefika. Tarehe, mahudhurio, mhuri wa zambarau umekolea vizuri. Ukurasa umejaa kweli, hakudanganya. Umejaa taratibu za ulinzi wa mifugo na ujenzi wa choo cha shule. Katikati kulikuwa na mistari miwili. Nikaisoma kimoyomoyo, nikairudia, nikamtazama baba. Baba akatazama sanduku.

"Soma basi," mama akasema. "Si uko pangu?"

Hapo ningeweza kudanganya. Nakiri ilinipitia kichwani. Ningelisoma maneno yake yeye, ninayoyajua kwa moyo, na asingejua. Lakini kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa, na hasira ilikuwa imeshanipanda, nikasoma: "Mjumbe mmoja mwanamke alichangia kuhusu umuhimu wa wananchi kujitafutia mahitaji nje ya kijiji. Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake mzuri."

Mama aliendelea kubangua karanga mbili tatu.

"Hapo ni pa nani?"

"Ni pako, mama."

"Pangu panasema nini kuhusu kuhemea?"

"Hakuna kuhemea."

"Na nyinyi mliobaki? Na yule mwenzangu aliyeanguka njiani tukambeba?"

"Hakuna, mama."

Akaweka ungo chini. "Kwa hiyo mimi sikwenda."

Hakuuliza. Alisema tu hivyo, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikamgeukia baba kama mbogo. Shikamoo yote niliyompa asubuhi nikaisahau. Hivi baba, nikamwambia, ni mke wako huyu! Alilala wapi siku kumi na mbili, hotelini? Mjumbe mmoja mwanamke! Hukumjua jina?

"Mwanangu, kikao kina lugha yake," baba akasema. Aliniambia polepole, kama anayenifundisha kazi. "Ukiandika njaa, wilayani wanakuuliza wewe. Ulikuwa wapi watu wasilime mtama? Ukiandika watu wanahemea, maana yake kijiji kimekushinda. Aliyenitangulia aliandika hivyohivyo alivyosikia, akaondolewa. Nilikuwa naandika vizuri. Hata mama yako nilikuwa namsafishia maneno yake, yasimletee matatizo."

"Nilikutuma unisafishie?" mama akauliza.

"Ningeandika vile ulivyosema, tungekula nini?"

"Si tulikuwa hatuli!" mama akasema. "Baba watoto, mficha uchi hazai. Wakubwa walikaa huko wakijua tunajitafutia mahitaji. Ndiyo maana hakuja mtu."

Baba, nawaapia, akaniambia lete kalamu. Kalamu! Alitaka kuingiza neno pale pembeni, kwa mkono wake uleule, kwenye daftari lilelile. Nafasi ipo, alisema, na mhuri upo tayari. Sikujua nicheke au nilie. Ushahidi wa kamusi ndio huo sasa, umeandikwa Jumamosi hii kwa ajili ya Ijumaa ijayo! Nikalikamata daftari nikalikalia, mtu mzima mimi, kama mtoto anayeficha mandazi. Baba akainuka, akasema anakwenda kuwaangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa machungani tangu asubuhi.

Tuliobaki tulibangua karanga mpaka zikaisha. Mama alisema jambo moja tu zaidi, wakati ananifungia nyingine za kubeba. "Sasa huko kwenu mkiliandika, watajua tulikwenda?" Nikamwambia watajua. Kila mtoto wa shule atakayefunua H atajua. Akatikisa kichwa, akafunga fundo.

Ijumaa niliingia ukumbini na daftari la baba ndani ya bahasha, nimejiandaa kama wakili. Nilikuwa nimeshaamua kusema ukweli wote. Nikasoma mistari ile miwili, nikaeleza ilivyopatikana, nikaeleza ni kwa nini haiwezekani neno hilo kupatikana kwenye maandishi rasmi: waliokuwa na kalamu ndio waliokuwa wanaliogopa. Nikasema, kanuni yetu inalidai neno hili hati kutoka kwa mtu yuleyule aliyekatazwa kuitoa. Nilisema vizuri, hata mimi nilijisikia. Mwenzangu mmoja akanong'ona, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nikaona tumeshinda.

Mwenyekiti akaliomba daftari. Akalitazama muda mrefu, akausifu mwandiko.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Na mzee wako anakiri kwamba mama alisema kuhemea?"

"Amekiri mbele yangu."

"Anaweza kutuandikia barua?"

"Anaweza hata leo!"

"Ndiyo, lakini itakuwa ya leo," akasema kwa upole wake ule. "Na imeandikwa kwa ajili yetu. Sasa tazama dada, usikasirike. Shahidi rasmi tuliyemtaka umemleta wewe mwenyewe, ana tarehe, ana mhuri. Na anasema nini? Anasema kujitafutia mahitaji. Kwa ushahidi huu, watu wa kule hawakuwa wanatumia neno lako."

Nilitazama wenzangu mmoja mmoja, wote wameinamia karatasi zao, hata yule wa methali. Wanaume na wanawake waliobishania chapati mpaka adhuhuri! Akauliza kama kuna pingamizi. Nikasema lipo, lipo, lipo, mara tatu, na aliliandika, lazima niseme kweli, aliandika kwamba mjumbe mmoja hakuridhika. Kisha akapiga mstari.

Sikusubiri chai. Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo wa Dodoma unaokutia mchanga machoni, na nilishukuru, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanahitaji kisingizio. Simu ikalia hapohapo. Mama hana desturi ya kupiga, hubipu tu, lakini siku hiyo alikuwa amenunua vocha.

"Limeingia?"

Nilijua la kusema. Nilikuwa nimeligombania mbele ya watu sita, nimemtukana baba yangu kwa ajili yake. Neno ni moja, halikuingia, lina silabi zake sita na mtu anaweza kulitamka.

"Mama," nikasema, "kikao kimelijadili kwa kina. Kimepokea mchango wetu, na kimeona litazamwe katika toleo lijalo, kadiri nafasi itakavyoruhusu."

Upande wa pili nikasikia kuku, na ungo unawekwa chini.

"Hayo," mama akauliza, "kakuandikia baba yako?"