Kiberiti cha Mwalimu wa Hesabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kinyesi cha mtu nisiyemjua, kikiwa ndani ya kiberiti, na mwenyewe akaniambia "asante, dada" kana kwamba nimempokelea mandazi.

Nyinyi wa kidato cha kwanza mnaosoma gazeti hili la shule mnadhani kazi ni kuvaa tai. Kaeni chini niwaeleze kazi ilivyofanywa zamani zetu. Zamani hizo ni likizo ya Agosti. Niliajiriwa nikiwa na miaka kumi na sita na nikastaafu nikiwa na miaka kumi na sita. Hata mkiniombea nirudi, sirudi.

Mahali penyewe palikuwa zahanati moja ya mtaa wa Buruburu, nyuma ya maduka. Mathe, yaani mama yangu, hufanya usafi pale, akaniombea kazi ya likizo ili nisishinde kwenye ngazi za nyumba zetu mtaani Jericho nikiwavunja watu mbavu. Kituo changu cha kwanza kilikuwa dirisha la sampuli. Sampuli ni jina la heshima la kile kitu. Mtu anakuletea, unakata plasta, unaandika jina lake, unabandika. Wengi walileta kwenye viberiti, wengine kwenye vikopo vya mafuta ya nywele. Mama mmoja muuza nguo wa soko la Muthurwa alileta kopo zima la siagi, limejaa mpaka ukingoni.

"Mama, yote hii?"

"Nimewaletea ya kutosha," akasema. "Msije mkaniambia nirudi kesho."

Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa njano wa mahindi ya msaada. Kila tumbo lililouma mtaani lilisingiziwa ule unga. Ambaye hakuulaumu unga alilaumu amiba, yule mdudu mdogo wa maji machafu anayeleta kuhara, na wanaume walinunua dawa zake Muthurwa kama wanaonunua njugu. Daktari hawakumtaka. Kumwona Daktari kulimaanisha kupita kwangu dirishani na kiberiti.

Baada ya siku chache nilipandishwa cheo nikawa muosha slaidi pia, vile vioo vyembamba vya maabara. Mkubwa wangu huko alikuwa Bwana Maabara, mrefu, mwenye koti lililowahi kuwa jeupe. Aliniona nikitabasamu mbele ya kopo la siagi.

"Binti, hapa hatuchekeshani," akaniambia. "Mgonjwa anaweza kudanganya. Choo hakidanganyi."

Alinifundisha. Kwanza unatazama kwa macho tu: kigumu au maji, kuna ute, kuna damu. Halafu unachukua kidogo kwa kijiti, unakikoroga na tone la maji ya chumvi juu ya slaidi, unaweka chini ya hadubini, ile darubini ya vitu vidogo. Mara ya kwanza nilipochungulia nikaona amiba akitambaa, nilipiga yowe mpaka foleni yote nje ikasimama.

Mkubwa wa wote alikuwa Daktari, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Asubuhi moja alinikuta nimejikunja ukutani, nimeshika tumbo. Nilikuwa nimetoka kukumbuka kwamba shule ikifunguliwa tunaanza na mtihani wa hesabu.

"Linauma lini na lini?" akaniuliza.

"Siku za hesabu, Daktari. Mwaka wa pili huu."

"Ukienda choo?"

"Linatulia."

"Usiku linakuamsha?"

"Usiku hata mwizi haniamshi."

"Umeona damu? Una homa? Umekonda?"

"Kukonda? Daktari, si unitazame."

Akacheka. Akaniambia kuna matumbo ya aina mbili ambayo watu huyachanganya, na madaktari pia, kwa sababu yote mawili yanauma na yanakukimbiza chooni. La kwanza ni utumbo unaolalamika. Ukiutazama ndani hauna kidonda, ni mzima, ila una wasiwasi kama mwenyewe. Unasumbua kweli, si uongo wa mgonjwa, lakini haukutoi damu, haukukondeshi, na ukilala nao hulala. La pili ni utumbo uliovimba na kuungua. Huo una vidonda ndani. Unatoa damu na ute, unakuamsha usiku, unakula nyama ya mwili wako mpaka nguo zinaning'inia, na ukiachwa unaweza kuua.

"Wewe una wa kwanza," akasema. "Soma hesabu."

Sasa, aliyenipa tumbo hilo alikuwa Mwalimu wa Hesabu wa shule yetu. Hamhitaji kuelezwa, mmeshamwona akiingia darasani na hata nzi wakakaa chini. Muhula ule alikuwa amekonda hivi kwamba sisi wa kidato cha tatu tulisema suruali ndiyo inayomvaa. Niliyasema mimi, lakini darasa zima lilikubali.

Basi siku moja nikiwa zamu ya dirishani, nikiita "anayefuata," anayefuata akawa yeye. Niliangusha plasta. Yeye pia alishtuka, akarudi nyuma akamkanyaga mtu.

"Wewe! Unafanya nini hapa?"

"Kazi, Mwalimu. Leta niandike jina."

"Niandikie nini? Sina kitu," akasema, na mkono ukazama mfukoni pamoja na alichokishika.

Aliingia kwa Daktari bila sampuli. Ukuta wa chumba kile ni mbao, na masikio yangu ni mazuri. Akasema anahara kidogo. Akaulizwa damu, akasema hakuna. Akaulizwa kuhusu kukonda, akasema ni kutembea. Daktari akamwambia hatampa dawa kabla ya kuona choo.

Kesho yake aliweka kiberiti dirishani, kimefungwa kwa karatasi na uzi kama zawadi ya Krismasi, akaondoka bila kunitazama. Bwana Maabara alikipima mwenyewe. Choo kigumu, safi, hakina damu, hakina usaha, hakina amiba. Daktari akayasoma majibu, akamwambia Mwalimu alipokuja kuyachukua kwamba huenda ni utumbo unaolalamika, apunguze hasira, na akizidi kukonda arudi haraka. Hakurudi. Mimi nilifurahi kweli. Mwalimu na mimi ugonjwa mmoja! Nilijiuliza kama ni mimi niliyemwambukiza.

Jumamosi moja nilitumwa sabuni dukani. Nje ya duka nikamkuta Toto, kitinda mimba wa Mwalimu, mtoto wa chekechea aliyezoea kunichungulia dirishani, anafyonza barafu.

"Dada wa viberiti!" akaniita.

"Niaje, Toto. Baba hajambo?"

"Amelala. Nipe kiberiti kingine."

"Cha nini?"

"Nijaze. Kile cha baba nilijaza mimi, nikanunuliwa soda nzima. Sikumgawia mtu."

Nilicheka. Mdomo wangu umezoea kucheka kabla ya kichwa kufika. Halafu kichwa kikafika, na kicheko kikakatika. Bwana Maabara alisema choo hakidanganyi, na kweli hakikudanganya. Kilikuwa kimetoa habari za Toto, neno kwa neno.

Nikachuchumaa. "Toto, na choo cha baba mwenyewe kikoje?"

"Chekundu. Usiku wote anaenda, anaenda. Mama analia, anasema twende hospitali. Baba anasema alienda, wakasema ni mzima."

Sikununua sabuni. Nilikimbia nikiwa na pesa ya watu mkononi, na njiani nilijua vizuri ninachokifanya: namchongea Mwalimu wa Hesabu, na mwaka mzima wa kidato cha nne unaningoja mbele yake. Nilimkuta Daktari amesimama na Bwana Maabara, nikawamwagia yote kwa pumzi moja. Bwana Maabara aliketi juu ya ndoo. Daktari alivua miwani.

"Niliamini kiberiti kuliko suruali," akasema polepole. "Mtu amekonda mbele ya macho yangu, nikaamini kiberiti. Panda gari, unionyeshe nyumba."

Mwalimu tulimkuta kwenye kochi, amejifunika blanketi saa sita mchana. Midomo ilikuwa myeupe kama chaki yake. Aliponiona nyuma ya Daktari alijaribu kuinuka akashindwa. Huyu ni mtu ambaye sikuwahi kumwona ameketi.

"Mwalimu," akasema Daktari, "nimekuja na majibu ya kile kiberiti. Mwanao ni mzima sana."

Mkewe akamtazama, halafu akamtazama Toto, halafu akajishika kichwa. "Baba Toto! Ulipeleka cha mtoto?"

"Ningempaje mwanafunzi wangu kitu kama kile?" Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ya kufungua shule angekichora ubaoni."

Nilitaka kukana. Nikakumbuka kwamba rangi ya chaki nilikuwa nimeshaichagua.

Sampuli ya kweli ilichukuliwa saa ileile. Bwana Maabara aliniita kwenye hadubini bila kusema kitu. Chembe nyekundu za damu zilijaa kioo chote, katikati yake usaha, na amiba hakuwepo hata mmoja. Dawa zote zile za Muthurwa alizomeza Mwalimu zilikuwa zimempiga risasi mtu ambaye hayumo nyumbani. Jioni hiyohiyo alipelekwa hospitali kubwa, akaongezwa damu, akatazamwa ndani kwa mrija wenye taa, na utumbo mpana ukaonekana umejaa vidonda. Mkewe aliambiwa kwamba wangechelewa kidogo ungetoboka. Aliyarudia maneno hayo kwetu akiwa ameshika mlango.

Akapewa vidonge vya manjano ambavyo Toto alitangaza vinamfanya baba akojoe soda ya machungwa, na vingine vilivyomjaza mashavu. Ugonjwa wenyewe hautoki kabisa. Unalala, unaamka, unalazwa tena kwa dawa.

Hayo ndiyo niliyoyaona katika utumishi wangu. Bado tumbo langu hulalamika siku za hesabu, na sasa najua ni kulalamika tu. Bado siku nyingine Mwalimu hutoka darasani mbio, na darasa zima hunigeukia wakingoja niseme kitu. Sisemi. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alifikiri kidogo akasema, "Andika. Mbio wameshaziona."

Lakini nikiikumbuka kazi naikumbuka siku yangu ya mwisho. Daktari alikuwa ameweka sheria mpya: kila anayeleta sampuli aulizwe dirishani kama ni yake. Foleni ilifika nje, nusu yake wazazi wa shule yetu. Mwalimu akaja na mashavu yake mapya, akaweka kiberiti mbele yangu, bila karatasi, bila uzi.

"Ni chako mwenyewe, Mwalimu?"

"Changu mwenyewe," akajibu, kwa ile sauti ya darasani inayofika mpaka jikoni kwa wapishi. "Andika jina lote."

Nyuma yake alisimama bwana mmoja mwenye tai, ameshika kijifurushi kilichofungwa vizuri. Alikitazama kiberiti cha Mwalimu, akakitazama kifurushi chake, akatoka kwenye foleni taratibu, akarudi nacho nyumbani.